SHINGO YA MFANYA KAZI NA KARATASI ZAKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu siku ya Jumapili, baada ya zamu ya asubuhi. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa safarini na wale wa stesheni za mbali ambao hawakuweza kuhudhuria.



Tumepewa nafasi ya kusema habari ya shingo. Wengine mtacheka na kusema, "Chama kimekosa neno. Mishahara iko pale pale, nyumba zavuja, nao wasimama kutuhubiri habari ya shingo." Ndugu, subirini kidogo. Kabla hatujaketi mtaona ya kuwa jambo hili ni la mshahara, tena ni la nyumba na la ada ya shule ya watoto. Na yuko ndugu yetu mmoja ambaye siku za barua yake zinahesabika. Habari yake tutaifikia, na tutakapoifikia tutataka jibu kutoka kwa watu wawili walio humu ndani.

Shingo ina pingili saba. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini, waganga hukiita diski, nacho huzuia mfupa usisage mfupa. Ndani ya pingili mna uti, na kutoka humo mishipa ya fahamu hushuka mabegani, mikononi mpaka kwenye vidole. Basi diski ikitoka mahali pake na kuukandamiza mshipa, mtu huumia shingoni, na tena mkono hufa ganzi, vidole huwasha kama vimechomwa na sindano, na spana huanguka bila yeye kutaka.

Kazi yetu sisi wa reli ni kazi ya shingo. Watazameni watu wa gengi wanaoinua reli na mataruma. Watazameni ndugu wa yadi wanaopanga mabehewa usiku na mchana, ambao behewa likigongwa kwa nguvu kichwa huenda mbele kikarudi nyuma kama embe tawini. Madereva huchungulia dirishani kutazama nyuma. Mafundi wa karakana huingia chini ya behewa kuchomelea chuma, macho juu, saa nyingi. Hawa wote mkono ukikatika, kila mtu ataona damu, na msimamizi ataandika. Lakini shingo haitoi damu. Mtu hushika kisogo chake, hukaa kidogo juu ya taruma, wenzake humwambia, "Pole, bwana," na kazi huendelea. Hapo ndipo haki yake inapoanza kupotea, siku ile ile, wala hajui.

HABARI YA ZAMANI

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Hapa Nairobi pako mahali paitwapo Kariakor, na Dar es Salaam iko Kariakoo. Jina hilo latoka kwa wachukuzi wa jeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1914 mpaka 1918, waliotwaliwa kwa maelfu mengi ili kuwabebea askari wa Kiingereza chakula na risasi. Walibeba kichwani, na mzigo wa kichwani hukaa shingoni. Wengi sana walikufa, na waliouawa na maradhi na uchovu ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Mwaka 1928 zilisimamishwa sanamu za ukumbusho mjini Nairobi, katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, na mmoja wa wale wa shaba ni mchukuzi. Sanamu amepata. Mshahara wake haukufika nyumbani.

Twawakumbusha hayo ili tujue kwamba mtu aweza kutoa shingo yake yote, na asiyeandikwa asipate kitu.

KOSA LETU WENYEWE

Sasa tuungame. Miaka kadhaa iliyopita, katika gengi moja tuliyoifanyia kazi, watu sita walikuwa wakiinua kipande cha reli. Mmoja aliteleza, na uzito wote ukamwangukia ndugu aliyekuwa mwisho. Hakuvunjika. Alisema tu kwamba amesikia kitu kikilia kisogoni. Sisi tulifanya nini? Tulimpaka dawa ya kuchua. Kesho yake mmoja wetu akamjua mzee anayenyoosha shingo, tukampeleka huko, akazungushwa kichwa mpaka akalia. Hatukumwambia aende kwa msimamizi. Hatukuandika tarehe. Tulimwambia, "Mwanamume huvumilia."

Akavumilia. Mwaka ukapita na zaidi. Mkono wake wa kulia ukaanza kukauka. Alipokwenda hospitali na kupigwa picha, daktari alimwuliza jeraha ni la lini. Hakukumbuka mwezi. Alipokwenda kudai, aliulizwa ajali iliandikwa wapi. Haikuandikwa popote. Aliulizwa mashahidi. Sisi tulikuwa tumehamishwa, wengine Mombasa, wengine Kisumu, wengine wameacha kazi. Alirudi kwao bila kitu, na leo mkewe ndiye alimaye peke yake. Hatumlaumu mwajiri katika habari hii, kwa sababu hatukumwambia. Twajilaumu sisi.

SHERIA YETU YASEMAJE

Ndugu, iko sheria. Yaitwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka 2007, na wengi twaiita WIBA. Inawahusu wafanya kazi wote, hata wa Serikali, isipokuwa majeshi. Tutawasomea yale yanayofaa kushikwa kichwani.

Kwanza, habari ya ajali itolewe kwa mwajiri, kwa maandishi au kwa mdomo. Sikieni hilo neno, "kwa mdomo". Hata asiyejua kuandika haki yake iko. Lakini mdomo husahau, kwa hiyo sisi twasema: sema kwa mdomo siku hiyo, na andika kesho.

Pili, mwajiri akisha kupata habari yampasa ampelekee Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini taarifa ndani ya siku 7. Mtu akifa, ni saa 24.

Tatu, madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Na ajali ambayo haikuelezwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki yake huanguka. Lakini hapa sheria imeacha mlango mmoja, nanyi mkumbuke sana mlango huu: ikithibitishwa kwamba mwajiri alijua habari ya ajali kwa njia nyingine, basi kukosa kutoa habari hakumwangushi mfanya kazi. Mlango huo ndio tutakaorudi kwake.

Nne, aliyelazwa au kuzuiwa na daktari kwa siku tatu au zaidi hulipwa mapato yake wakati hawezi kufanya kazi, kwa muda usiozidi miezi 12. Gharama za haki za matibabu ni za mwajiri.

Tano, ukibaki na ulemavu wa daima, fidia huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Tufanye hesabu pamoja. Mtu anayepata shilingi 30,000 kwa mwezi, mara 96, ni shilingi 2,880,000. Daktari akimpima ulemavu wa asilimia 10, ni shilingi 288,000. Akipimwa asilimia 20, ni shilingi 576,000. Basi mwaona ya kuwa tofauti ya kumi na ishirini ni ada ya shule ya mtoto kwa miaka kadhaa. Viko viwango vya chini na vya juu vinavyowekwa na Waziri, lakini njia ya hesabu ni hiyo.

Sita, na hapa ndipo shingo inapopata taabu. Sheria ina orodha ya asilimia: kidole hiki kiasi gani, jicho kiasi gani, mguu kiasi gani. Jeraha ambalo halimo katika orodha, Mkurugenzi ndiye anayekata asilimia, akiangalia lisipingane na mwongozo wa orodha ile. Kidole kilichokatika hakina ubishi, wote wakiona. Shingo ina ubishi mkubwa, kwa hiyo yategemea daktari ameandika nini.

Saba, usipokubali uamuzi, una siku 60 za kuandika pingamizi kwa Mkurugenzi. Yeye hutakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Tena msidanganywe na mtu awaambiaye mkimbilie kortini kwanza. Mwezi wa Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilikata neno kwamba sheria hii ni halali, na madai huanza kwa Mkurugenzi.

ASKARI WA MAREKANI NA SHINGO ZAO

Sasa tutoke nje kidogo. Yuko kijana wa kwetu, mtoto wa shangazi, aliyekwenda Marekani akaandikwa jeshini huko. Aliendesha malori ya jeshi miaka minne, kofia ya chuma kichwani na mizigo mgongoni. Alipotoka jeshini shingo haikugeuka. Alidai, akakataliwa, akadai tena, akapata. Tulizungumza naye kwa simu usiku kadhaa, akatueleza jinsi mambo yalivyo, nasi tumeona mna mafundisho ndani yake.

Kule askari aliyestaafu hudai kwa Idara ya Askari Wastaafu, na hutakiwa kuonyesha mambo matatu. La kwanza, kwamba leo ana ugonjwa, na daktari ameupa jina. La pili, kwamba kulikuwa na jambo jeshini: ajali, au kazi nzito, au ugonjwa uliompata huko. La tatu, kwamba la kwanza limetokana na la pili. Kijana wetu alikuwa na la kwanza na la pili. Barua ya kwanza ilimnyima kwa sababu ya la tatu: hapakuwa na daktari aliyeandika kwamba shingo ya leo imetoka katika lori la jana. Mambo hayo matatu ni kama mafiga. Mawili hayashiki sufuria.

Daktari wa kule hatakiwi kuapa kwamba ana hakika yote. Hutakiwa aseme kama ni angalau nusu kwa nusu kwamba ugonjwa umetokana na utumishi, na atoe sababu. Na sheria yao yasema kwamba ushahidi wa pande mbili ukilingana, shaka humfaa askari. Kwetu hatuna neno hilo katika sheria yetu ya majeraha, kwa hiyo yatupasa sisi kuongeza uzito upande wetu wa mizani.

Upimaji wao wa shingo ni wa wazi, nao yafaa kuujua. Mtu mzima huweza kuinamisha kichwa mbele mpaka digrii 45. Daktari hupima kwa kipimo cha pembe. Anayeweza kupita 30 lakini hapiti 40, hupewa asilimia 10. Anayepita 15 lakini hapiti 30, asilimia 20. Asiyepita 15, asilimia 30. Shingo yote ikiganda mahali pabaya isigeuke kabisa, asilimia 40. Na mishipa inayoshuka mkononi, ganzi na udhaifu, hupimwa mbali, ikaongezwa. Tena daktari hutakiwa kuuliza habari ya siku mbaya, siku ambazo maumivu huzidi, maana mtu aweza kupimwa siku njema akaonekana mzima.

Ndugu, asilimia hizo si zetu, msiende kuzidai hapa. Lakini mwaona wanavyouliza: Shingo yainama kiasi gani? Yageuka kiasi gani? Mkono una nguvu kiasi gani? Siku mbaya ni ngapi kwa mwezi? Daktari wetu akiandika mambo hayo manne kwa hesabu, karatasi yetu itasema. Akiandika tu "maumivu ya shingo", karatasi yetu ni bubu.

Na akikataliwa? Tangu Februari 2019 askari wa kule ana njia tatu. Aweza kuleta ushahidi mpya unaohusu jambo lenyewe. Aweza kuomba mkubwa zaidi aangalie karatasi zile zile pasipo kuongeza kitu. Au aweza kwenda kwenye Baraza la Rufani. Akifuata ndani ya mwaka mmoja tangu barua, tarehe ya madai yake ya kwanza hailali. Kijana wetu alichagua njia ya ushahidi mpya. Alileta vitu viwili: barua ya daktari yenye sababu, na barua ya askari mwenzake aliyekaa naye ndani ya lori, aliyeandika kwa maneno ya kawaida, "Niliona siku ile gari lilipoingia shimoni. Niliona akishika shingo. Tangu siku ile hakugeuka vizuri." Askari huyo hakuwa mganga. Alisema alichoona kwa macho. Kule sheria hukubali ushahidi wa namna hiyo, maana mtu asiye daktari aweza kusema aliyoyaona na kuyasikia.

Tulimwuliza kijana, "Na huyo mwenzako hakuogopa?" Akasema, "Mwanzoni alisema hakumbuki. Nilimpigia mara tatu."

NDUGU YETU WA YADI

Sasa tumefika. Wote mwamjua ndugu tunayemsema, hatutalitaja jina lake katika gazeti. Ni mtu wa yadi, kazi yake kupanga mabehewa. Usiku mmoja wa mvua alikuwa amesimama juu ya kikanyagio cha behewa, ameshika chuma kwa mkono mmoja na taa kwa mkono wa pili. Mabehewa mengine yaliachiwa yakaja kwa kasi kuliko desturi, yakagonga. Hakuanguka. Kichwa chake kilirushwa nyuma kikagonga chuma, kikarudi mbele. Taa ilianguka ikazima. Msimamizi wa zamu alifika, akammulika usoni, akamwambia, "Keti kidogo, halafu tumalize." Akaketi, halafu wakamaliza.

Kesho yake alikwenda zahanati. Daktari alimwuliza, "Habari yako?" Naye, kama tulivyofunzwa sote, akajibu, "Mzuri, daktari, ila shingo kidogo." Kadi ikaandikwa maumivu ya shingo, na vidonge. Haikuandikwa gari, wala yadi, wala usiku ule. Miezi minne baadaye mkono wa kushoto ulikufa ganzi. Picha ya hospitali ilionyesha diski imeukandamiza mshipa. Leo hawezi kupanda behewa, na mtu wa yadi asiyeweza kupanda behewa ana kazi gani?

Chama kilimsaidia kudai, na alidai ndani ya muda. Barua ya uamuzi imekuja. Yasema kwamba mwajiri hana habari ya ajali yoyote usiku ule, na kadi ya zahanati haitaji ajali. Kwa hiyo madai hayakukubaliwa. Twasema kwa haki: kwa karatasi zilizokuwako, hatuwezi kuwalaumu walioandika barua ile. Figa la kwanza liko, ni picha. Figa la tatu liko, maana daktari wa pili ameandika kwamba jeraha la namna ile hutokana na mshtuko wa namna ile. Figa la pili ndilo halipo. Hakuna mtu aliyesema kwamba usiku ule ulikuwako.

Lakini ulikuwako. Watu wanne walikuwa karibu, mbali na ndugu mwenyewe na msimamizi. Na msimamizi alikuja, alimulika, alisema neno. Mwakumbuka mlango ule wa sheria? Ikithibitishwa kwamba mwajiri alijua kwa njia nyingine. Msimamizi wa zamu ni jicho la mwajiri. Aliyeona msimamizi akiona, huyo ndiye ufunguo wa mlango.

Sasa hesabu. Siku 60 zilianza barua ilipofika. Leo siku 37 zimekwisha. Zimebaki 23.

Katika watu wale wanne, tumo na sisi tunaosema nanyi. Ndugu, hatukusema upesi. Tulikaa wiki tatu kimya. Tulijiambia, "Nani atatulisha tukiondolewa? Na msimamizi yule ndiye anayepanga zamu." Ndipo tulipokumbuka yule wa gengi, na mkono wake uliokauka. Tulikuwa na nafasi ya kukosa mara moja kwa kutojua. Mara ya pili si kutojua tena. Basi Alhamisi tulikwenda kwa Katibu, tukaandika tulichoona, ukurasa mmoja na nusu, tukatia sahihi. Mwingine amefuata, naye ametia sahihi. Wamebaki wawili.

Hao wawili wamo humu ndani leo. Hatutawataja, wala hatutawatazama. Twasema nao kama ndugu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mtu kupeleka malalamiko yenye msingi, au kushiriki shughuli za chama nje ya saa za kazi, si sababu ya haki ya kumwachisha kazi. Hatusemi kwamba karatasi hiyo ni ukuta wa mawe. Twajua zamu mbaya zaweza kupangwa, na maneno makali yaweza kusemwa. Lakini mtu mmoja akishuhudia, ni rahisi kumwonea. Wanne wakishuhudia neno moja, ni vigumu. Sahihi yenu yaisaidia yetu, na yetu yaisaidia yenu.

Wala hatuwaombi mseme lisilokuwako. Kama hukuona kichwa kikigonga chuma, usiandike. Andika ulichoona: mvua, taa kuanguka, msimamizi kuja, neno alilosema, ndugu kuketi. Kidogo cha kweli kina nguvu kuliko kikubwa cha kutunga. Tena shahidi akiongeza chumvi, hummwagia mwenzake mchuzi wote.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa ninyi wote mlio wazima leo, shikeni haya.

1. Ukipigwa kisogoni, ukirushwa kichwa, au ukisikia kitu kikilia shingoni, mwambie msimamizi kabla ya zamu kwisha, mbele ya mtu mwingine. Dai iandikwe katika kitabu cha ajali. Kesho andika karatasi yako: siku, saa, mahali, kazi uliyokuwa ukifanya, waliokuwako. Baki na kopi.

2. Kwa daktari usijibu "mzuri". Adabu ni njema nyumbani, lakini kwa daktari sema kweli. Anza na ajali: "Nilikuwa kazini, mahali fulani, likatokea hili." Umwombe aliandike. Fomu ya taarifa ya ajali ina sehemu yake daktari. Angalia isibaki wazi.

3. Usikubali mtu akuzungushe shingo iliyoumia. Na ukiona miguu inalegea, au mikono yote miwili inakosa nguvu, au mkojo hauzuiliki, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo, maana uti wenyewe uko hatarini.

4. Nunua daftari dogo. Siku mbaya iandike: nini hukuweza kufanya, usiku hukulala saa ngapi, kitu gani kilianguka mkononi. Mkeo naye aweza kuandika anachoona, maana yeye ndiye akufungaye vifungo vya shati.

5. Siku ya kupimwa usijionyeshe shujaa, wala usijifanye mgonjwa kuliko ulivyo. Inamisha shingo mpaka inapouma, useme, "Hapa." Daktari mzoefu humjua mwongo, na mwongo mmoja huwaharibia kumi.

6. Barua yoyote ikifika, andika juu yake tarehe uliyoipokea, na uilete kwa Katibu wiki hiyo hiyo. Usiiweke chini ya godoro. Siku 60 ni nyingi ukizihesabu, na chache usipozihesabu.

7. Barua ya kukataa si mwisho wa njia. Isome itafute figa lililokosekana, ulete hilo. Kupiga kelele juu ya mafiga mawili uliyo nayo hakutakusaidia.

MWISHO

Shuleni misioni tulifundishwa habari ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, akaachwa karibu kufa, na wakubwa wawili wakapita kando. Tulipokuwa watoto tulidhani wale wawili walikuwa watu wabaya sana. Sasa tumekuwa wakubwa, twajua walikuwa watu kama sisi, waliokuwa na haraka, na hofu, na zamu ya kuwahi.

Katibu atakuwa ofisini kesho na kesho kutwa, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku. Taa itawaka. Atakayekuja hatahitaji kueleza kwa nini alikawia, maana sisi tulikawia pia. Kiti kipo, karatasi ipo, na asiyependa kuandika mwenyewe, Katibu ataandika kisha amsomee kabla hajatia sahihi.

Ndugu yetu hakuja leo. Tulimwomba asije, asione aibu kusemwa mbele ya watu. Lakini ametutuma neno moja, naye asema hivi: hata kama madai yataanguka, hatakuwa na kinyongo na mtu wa zamu ile. Sisi twasema, ndugu, yeye aweza kutusamehe. Tuliobaki tutaonana kila siku pale yadini.

Siku 23. Umoja wetu uwe wa kazi, usiwe wa mdomo.